Nukta Inaishia Mlangoni

Siku ya kwanza nilipopeleka bastola yangu uwanja wa shabaha ikiwa imefungwa mpini mpya wenye leza, Afande, mwalimu wangu wa shabaha, hakunipa risasi hata moja. Aliniuliza kama nina mzani garini. Ninao siku zote, ule mdogo wa ndoano ninaopimia sampuli za maharagwe na ndengu. Akafungua silinda, akanionyesha matundu matano matupu, nami nikayaangalia na kuyagusa kwa kidole kama alivyonizoesha. Kisha akaitundika bastola yote kwenye ndoano. Haikufika nusu kilo. Akaishika kwa mpini, akapitisha ndoano kwenye kifyatulio, akavuta polepole mpaka nyundo ya ndani ikaanguka. Mshale wa mzani ulipita kilo 5.

"Mama, wewe unaishi kwa mizani," akasema. "Ukivuta kilo tano kwa kidole kimoja, kwenye kitu ambacho chenyewe hakina nusu kilo, kipi kitasogea?"

Nilinyamaza. Kwa miaka miwili risasi zangu zilikosa katikati ya shabaha, nami nilikuwa nimeyalaumu macho.

Nauza nafaka kwa jumla Nyamakima, Nairobi, na nyumba yangu iko Buruburu. Wengi wetu wenye biashara katikati ya jiji tulianza kuzungumzia silaha baada ya Septemba 2013, tulipoona raia wenye leseni wakiingia Westgate, jengo la maduka lililovamiwa na magaidi, na bastola zao kusaidia kutoa watu. Mimi wakati huo nilisema si yangu hayo. Mwaka 2016 nikavamiwa jioni nikifunga duka, nikapoteza mauzo ya siku nzima na kubaki na kovu begani, ndipo nikaomba leseni. Habari ya leseni ni ndefu na wengi mnaijua: cheti cha maadili mema, mahojiano, kusubiri, kuulizwa tena yale uliyokwisha kujibu. Mwishoni mwa 2018 serikali ilipoamua kuwapiga msasa upya wamiliki wote, nilipanga foleni kama wengine, na sioni ubaya wake hata leo. Silaha si simu. Hata huu mpini wa leza sikuununua kabla ya kwenda kuuliza, nikaonyesha picha yake, nikakubaliwa.

Bastola yenyewe ni rivolva ndogo ya risasi tano za .38 Special, ya ule ukoo wa rivolva ndogo uitwao J, ambao watengenezaji wa silaha Smith & Wesson walianza kuutengeneza mwaka 1950. Mtutu hauzidi sentimita 5. Nyundo imefichwa ndani, kwa hiyo haikwami kwenye mkoba wala kwenye nguo. Niliichagua kwa sababu mkono wangu ni mdogo na kwa sababu haina mambo mengi: hakuna magazini ya kusahau, hakuna kitu cha kuvuta nyuma. Nilichokuwa sikijui ni kwamba bastola ndogo ndiyo ngumu kuliko zote. Mtutu mfupi maana yake saiti, yaani vile vyuma vya kulengea, ya mbele na ya nyuma, zimekaribiana, na kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kwenye karatasi. Uzito mdogo maana yake inapiga teke. Na kifyatulio kizito, kile tulichokipima, ndicho kinachozuia isilie kwa bahati mbaya, lakini ndicho pia kinachokuyumbisha.

Juu ya hayo, nilivuka miaka 50. Mwenye umri huu anajua: lenzi ya jicho hukakamaa, na vitu vya karibu vinakuwa ukungu. Nikivaa miwani ya kusomea niliiona saiti ya mbele vizuri, lakini karatasi ya shabaha ikawa wingu. Nikiivua, karatasi ikarudi na saiti ikapotea. Ndiyo maana nikasikia habari za leza na kuona nimepata mkombozi. Wazo la kuiweka leza ndani ya mpini wenyewe lilienezwa na Crimson Trace, kampuni iliyoanzia Oregon, Marekani, ambayo Smith & Wesson waliinunua mwaka 2016. Unaondoa mpini wa kawaida, unafunga huu mwingine. Kitundu cha mwanga kiko upande wa kulia, juu ya mpini, chini kidogo ya mstari wa mtutu. Swichi iko mbele, pale kidole cha kati kinapokaa. Ukishika bastola sawasawa, nukta nyekundu inawaka. Ukilegeza, inazima. Macho yanabaki kwenye shabaha, na mwenye macho kama yangu hapo anashukuru Mungu.

Sasa Afande, baada ya ule mzani, alinisimamisha mita 7 kutoka kwenye karatasi, bastola tupu, akaniambia niwashe na nivute kifyatulio mara kumi. Nilidhani nukta itatulia kama taa ya ukutani. Ilicheza kama inzi juu ya sukari. Nilipovuta, ilitulia kidogo, halafu pale mwisho kabisa ikaruka chini kushoto. Mara ya pili, chini kushoto. Mara ya kumi, chini kushoto. Na hapo ndipo penye matundu yangu yote ya miaka miwili, karatasi zote nilizozikunja na kuzipeleka nyumbani nikisema ni macho. Macho yalikuwa mabovu, ndiyo. Lakini kilichopeleka risasi chini kushoto ni kiganja kilichokuwa kinabana chote kwa pamoja wakati kidole kimoja tu ndicho kilipaswa kufanya kazi.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya kifaa hiki kuliko mahali pengine popote. Bila leza, kosa la kidole hutokea wakati ule ule risasi inapolia na bastola inapopiga teke. Kelele na teke vinalifunika. Ukiwa na leza na bastola tupu, kosa linachorwa mbele yako, jekundu, na hakuna wa kubishana naye.

Nikaanza mazoezi ya nyumbani. Kila jioni dakika 10, siku 5 za wiki. Risasi zinabaki zimefungwa chumba kingine, silinda inakaguliwa mara mbili, matundu yanajazwa vidude vya mazoezi visivyo na baruti, na mbele yangu ni gunia la mchanga lililoegemezwa ukuta wa mawe. Kabla sijaanza nafunika kioo cha kabati kwa leso. Siku moja nilisahau, nukta ikagonga kioo na kunirudia usoni, na ingawa leza hizi hazizidi miliwati 5, jicho halikubali mchezo huo.

Kwa wiki tatu za kwanza nilifanya kosa jingine, na nimewaona wengi uwanjani wakilifanya. Nilikuwa naivizia nukta. Kwa kuwa inacheza, unaisubiri ipite katikati, na ikipita tu unanyakua kifyatulio upesi kabla haijatoka. Huko kunyakua ndiko kunakokupeleka nje. Afande alibandika kisahani cha karatasi, ukubwa wa kisahani cha chai, akaniambia, "Iache icheze humo ndani. Wewe vuta tu, vuta sawasawa kama unavyovuta kamba ya ndoo kisimani. Risasi ikitoka yenyewe, itakuwa ndani ya kisahani." Nilimwamini nusu. Tulipotia risasi halisi, tano zote zikaingia kwenye kisahani, moja karibu ukingoni. Hakuna aliyekuwa na mkono usiotetemeka pale uwanjani, hata yeye. Ni kwamba mtikisiko mdogo unaovumilika umeudhania kuwa adui, ukaacha kumwangalia adui mwenyewe, kidole.

Kuhusu betri nina neno. Mpini wangu unatumia mbili zile bapa, 2032, na zinadumu saa 4 na ushei za kuwaka mfululizo. Mtu husikia saa nne akafikiri ni kidogo, au akafikiri ni nyingi, bila kupiga hesabu. Dakika 10 kwa jioni 5 ni dakika 50 kwa wiki. Wiki ya tano umemaliza saa 4. Na kweli wiki ya tano nukta ilianza kufifia mbele ya gunia langu la mchanga. Ingefifia usiku wa shida ingekuwaje? Tangu hapo betri za mazoezi ni mbali na betri za kazi. Za kazi nazibadilisha kila Madaraka na kila Jamhuri, zimefifia hazijafifia, kwa sababu sikukuu hizo siwezi kuzisahau. Na kila nikibadilisha, safari inayofuata ya uwanjani naanza kwa kuhakikisha nukta na matundu bado vinakubaliana.

Kukubaliana huko nako kuna hesabu yake. Leza haitoki kwenye mtutu, inatoka pembeni. Kwangu ni kama sentimita 2 na nusu kulia na chini kidogo. Mistari miwili inayoanza mahali tofauti inakutana mahali pamoja tu. Tulizungusha vile viskrubu viwili vidogo, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini, robo ya mzunguko kwa wakati, mpaka vikakutana mita 10. Kwa hiyo mita 5 risasi inapiga sentimita moja na kitu kushoto ya nukta na juu yake kidogo, na mita 20 inapiga upande wa pili. Kwa kazi ya bastola kama hii tofauti hiyo si kitu. Lakini nimemwona mtu akiichezea mipangilio yake kila Jumamosi kwa sababu anafyatua leo mita 5, kesho mita 15, akidhani kifaa kimeharibika. Chagua umbali mmoja, ufunge, uache.

Jua la Nairobi lilinifundisha kwa siku moja tu. Ilikuwa Februari, saa sita mchana, jua liko utosini. Nikashika bastola, nikabana, nikatafuta nukta kwenye karatasi nyeupe mita 10. Hakuna. Nikabana zaidi. Hakuna. Afande akasogeza karatasi mpaka mita 4 ndipo nikaona kitu kama kivuli cha wekundu. "Na mwizi wa mchana utamwambia asubiri jioni?" akaniuliza, na hakuwa anatania. Kuna leza za kijani ambazo jicho huziona vizuri zaidi mchana, ila hula betri haraka. Mimi nimebaki na nyekundu, na uamuzi wangu ni kwamba nusu ya risasi zangu zote nafyatua leza ikiwa imezimwa, kwa saiti za chuma, na ukungu wake wote. Kinachonisaidia ni kwamba kidole kilichofundishwa na nukta kinabaki kimefundishwa hata nukta ikizima. Julai, mawingu yanapofunika jiji wiki nzima, unaiona hata mchana, na hapo watu hujidanganya kwamba tatizo limeisha.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye mkono wa kulia alisikie ni hili. Tumefundishwa kwamba kidole kikae nje ya kifyatulio, kimenyooka ubavuni mwa bastola, mpaka uamue kufyatua. Sasa kitundu cha leza kiko ubavu huo huo wa kulia. Kidole kikinyooka chini chini, kinakiziba. Unashika bastola, nukta haionekani, na moyo unakuambia ingiza kidole ndani kidogo ili uone. Nililifanya hilo mara moja uwanjani bila kujua. Afande alinishika kiwiko kwa nguvu mpaka nikashtuka. Hakupaza sauti. Alinipandisha kidole juu zaidi, karibu na silinda, mwanga ukapita chini yake. Tulirudia jambo hilo moja asubuhi nzima, bila risasi, mpaka kidole kikazoea kwenda juu chenyewe. Kifaa kinachokushawishi kuweka kidole kwenye kifyatulio kabla ya wakati kinaweza kukuulia mtu, na hakuna leza itakayorudisha.

Sasa niwaambie usiku wenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, stima zimepotea mtaa mzima. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, nyumbani ni mimi na binti yangu. Vyumba vyetu viko ghorofani, milango inatazamana, katikati ni ujia usiofika mita 2. Karibu saa nane usiku nikasikia kishindo juu ya veranda, halafu kitu kikikokotwa. Nilifanya nilivyofundishwa. Nilifungua sefu, nikasimama nyuma ya kitanda, simu mkono wa kushoto imeshapiga 999, bastola mkono wa kulia, kidole juu kabisa karibu na silinda. Mlango umefungwa. Nikabana mpini.

Kwenye giza lile nukta ilikuwa kali kama kaa la moto. Ilikaa katikati ya mlango, ikitetemeka kwa mapigo ya moyo wangu, na mimi nikaitumbulia macho. Hilo peke yake nalikumbuka kwa hofu: nilikuwa siangalii dirisha, sisikilizi ngazi, naangalia nukta. Nilijiambia ikifunguka tu, nimeshalenga. Nilijiona nimejiandaa.

Ndipo binti yangu akaita. "Mama? Umesikia?"

Sauti ilitoka mbele yangu moja kwa moja. Ilitoka nyuma ya ile nukta.

Mlango wangu ni ule wa kawaida wa vyumbani, plaiwudi huku, plaiwudi kule, katikati uwazi. Wake ni hivyo hivyo. Mwanga ulikuwa umesimama kwenye rangi ya mlango wangu, na macho yangu yaliamini kwamba hapo ndipo mambo yanapoishia. Risasi ya .38 haiishii hapo. Inapita plaiwudi, inavuka ujia, inapita plaiwudi nyingine. Uwanjani nilikuwa nakariri kanuni hiyo kila Jumamosi: jua kilicho mbele ya shabaha na kilicho nyuma yake. Nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi mbele ya gunia la mchanga na ukuta wa mawe. Halafu usiku wa kweli nikageuka upande mmoja tu wa nyumba ambao nyuma yake kuna mtoto wangu.

Niliachia swichi, nikauelekeza mtutu kwenye pembe ya ukuta wa mawe, nikamwambia alale chini na asifungue mlango. Mikono ilikuwa inatetemeka kuliko wakati wowote. Hakukuwa na mtu. Asubuhi tuliona kifuniko cha tangi la maji kimeng'olewa na upepo, kimeburutwa mpaka ukingoni mwa mabati.

Nilimsimulia Afande wiki hiyo hiyo, bila kuficha. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nilikuwa na tochi. Sikuwa nayo mkononi. Ilikuwa kwenye droo, ilhali leza haimwoneshi mtu sura, inaonyesha tu kwamba kuna kitu chenye wekundu juu yake. Tochi sasa inakaa ndani ya sefu, kando ya bastola, na nimefanya mazoezi ya kuishika kwa mkono wa kushoto mbali na mwili. Simu inawekwa kitandani, spika imefunguliwa. Lakini alinipa kazi nyingine. "Nenda nyumbani," akasema, "utafute kila mahali unapoweza kusimama, na uone mstari unaishia wapi. Usitumie bastola kwa kazi hiyo. Tumia uzi."

Uzi ninao mwingi, ule wa kushonea magunia. Jumapili baada ya ibada nilimwita binti yangu, nikamweleza yote: nilikosimama, nukta ilikokuwa, sauti yake ilikotokea. Nilikuwa nimepanga kumweleza nusu, nikashindwa. Alinitazama tu. Nikampa ncha moja ya uzi, nikasimama nyuma ya kitanda changu pale pale nilipokuwa usiku ule, nikaushika kwa urefu wa mikono yangu iliyonyooka. Tukafungua milango yote miwili. Yeye akarudi nyuma polepole, akavuka ujia, akaingia chumbani kwake, akauvuta mpaka ukakaza.

Kitanda chake ni kirefu cha kwenda juu, na yeye alikuwa ameketi usiku ule akiniita. Uzi ulipita juu ya mto wake, usawa wa mtu aliyeketi. Aliutazama kwa muda. Kisha akaufunga kwenye kitasa cha dirisha ili usilegee, akaanza kutoa mashuka tukisogeze kitanda.